Kilio cha mtoto aliyeungua si ukaidi

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Methali hii nimewafafanulia wanafunzi wangu mara nyingi, na kila mara nimeridhika na maelezo yale yale: kwamba aliyezaa ndiye ajuaye gharama ya kuzaa, na kwa hiyo ndiye amthaminiye mwana kuliko mtu mwingine yeyote. Haikunipitikia hata siku moja kwamba methali hiyo ina swali ndani yake. Ikiwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi peke yake, je, asiyekuwa mzazi, yaani muuguzi, daktari, mwalimu na serikali, aujue kwa njia gani? Au amesamehewa asiujue?

Swali hilo lilinijia nikiwa nimesimama mlangoni pa chumba cha kufungia vidonda. Mpwa wangu, mvulana wa miaka minne, alikuwa ameungua wiki moja kabla ya siku hiyo. Kwao ni nje kidogo ya Endebess, kilomita 20 hivi kutoka Kitale, mahali ambapo mashamba ya mahindi huanza kuupanda Mlima Elgon na ambapo baridi ya jioni huwafanya watoto waukaribie moto. Mama yake alikuwa ameinjika uji juu ya mafiga. Akageuka kuchukua sukari, mtoto akajikwaa kwenye kuni, sufuria ikapinduka. Mkono wa kulia na paja vikababuka. Majirani, kwa nia njema kabisa, wakampaka dawa ya meno.

Alipelekwa katika hospitali moja miongoni mwa zile zilizo kati ya Kitale na Bungoma. Jina lake sitalitaja, kwa sababu sikukusudia kumshtaki mtu, na kwa sababu nimekwisha kuambiwa na wasomaji wengi wa mashambani kwamba niliyoyaona huko wameyaona kwingine. Kila baada ya siku moja ilibidi bendeji ifunguliwe, kidonda kisafishwe na bendeji nyingine ifungwe. Mimi, nikiwa likizoni kutoka chuoni, nilimsindikiza dada yangu siku ya tatu.

Kabla muuguzi hajaingia, mlio wa magurudumu ya kigari cha dawa ulisikika kwenye ujia. Hapo ndipo mtoto alipoanza kutetemeka, kisha akajikojolea. Hakuna mtu aliyekuwa amemgusa. Muuguzi akaifungua bendeji ikiwa kavu. Shashi ilikuwa imegandamana na kidonda, naye akaivuta. Kilio kilichofuata sitajaribu kukieleza. Maneno yaliyosikika ndani yake yalikuwa mawili tu: "Mama, basi! Basi, mama!" Na jibu alilopewa lilikuwa hili: "Nyamaza. Wewe ni mwanamume. Mwanamume halii." Hakupewa dawa yoyote ya kutuliza maumivu, si kabla wala baada.

Tulipotoka nilimwuliza muuguzi kwa adabu kama haiwezekani mtoto kupewa kitu cha kumpunguzia maumivu. Hakukasirika. Alinitazama kwa macho ya mtu aliyechoka na kuniambia, "Mwalimu, watoto hulia tu. Hata ukiwapa dawa, watalia."

KIAMBISHI KINACHOFICHA

Kazi yangu ni kuchunguza lugha, na ndiyo maana jibu lile lilinifuata mpaka nyumbani. "Watoto hulia tu." Walimu wa sarufi wanajua kwamba kiambishi "hu-" cha mazoea kina tabia ya pekee katika Kiswahili. Hakichukui kiambishi cha nafsi, wala hakitaji wakati. Twasema: jogoo huwika, mvua hunyesha, mto hutiririka. Ni kiambishi tunachokitumia kwa mambo ambayo ndiyo maumbile yake, mambo ambayo hayahitaji kuulizwa sababu. Mtu anaposema kwamba watoto hulia, amekwisha kukiondoa kilio katika orodha ya habari na kukitia katika orodha ya hali ya hewa.

Lakini yule mtoto hakuwa akilia kwa mazoea. Alikuwa analia saa nne asubuhi, siku ya Jumatano, kwa sababu shashi kavu ilikuwa ikibandukana na nyama yake. Kilio chake kilikuwa na mtendaji, kilikuwa na wakati na kilikuwa na sababu. Tena kilikuwa na maneno. Neno "basi" ni sentensi kamili katika lugha yetu. Maana yake ni kwamba jambo limefika mpaka wake. Yeyote aliyekuwa chumbani alilisikia, ila hapana aliyelihesabu kuwa ni taarifa.

Hoja yangu katika makala haya ni hiyo. Maumivu ya mtoto anayefungwa kidonda cha moto hayatulizwi kwa sababu, kabla ya upungufu wa dawa, kuna upungufu wa kusikia. Tumekifasiri kilio chake vibaya: tumekiita ukaidi, tumekiita woga, tumekiita utoto. Na jambo lililofasiriwa vibaya halitibiwi.

Sikumchukia muuguzi yule, wala simlaumu sasa. Alikuwa peke yake, na foleni nje ya mlango ilikuwa ndefu. Mtu anayelazimika kuwaumiza watoto kila siku bila kupewa nyenzo za kuwapunguzia maumivu atafanyaje? Ama ataiacha kazi, ama ataifunga mioyo ya masikio yake. Ugumu wake ulikuwa ngao. Lakini ngao hiyo inamkinga yeye, mtoto haimkingi.

LUGHA YA KIDONDA

Hebu tutazame kwanza kinachotokea mwilini. Kidonda cha moto kina maumivu ya aina mbili. Kuna maumivu ya kudumu, yale ambayo mgonjwa huwa nayo akiwa amelala tu kitandani. Na kuna maumivu ya shughuli, yanayokuja kwa ghafula na kwa ukali mkubwa kila kidonda kinapoguswa, kinapooshwa au kinapofungwa. Ngozi ya juu ikishababuka, ncha za neva zilizokuwa zimefunikwa hubaki wazi, na pambizo za kidonda huwa nyepesi kuhisi kuliko zilivyokuwa zamani, hata upepo ukipita huuma. Aliyeungua asilimia ndogo ya mwili huenda akafungwa kidonda mara kumi au zaidi kabla hajapona. Kwa hiyo swali la maumivu halimhusu siku aliyoungua tu. Linamhusu kwa majuma mengi.

Mtu mzima ana maneno ya kuyaeleza hayo. Kiswahili chetu ni tajiri katika jambo hili kuliko tunavyokumbuka. Kichwa huwanga, jipu hupwita, upele huwasha, kidonda kikitiwa chumvi huchonyota. Hata kitenzi chenyewe, "kuuma", ni kile kile tunachokitumia kwa meno ya mbwa. Ndugu zetu Wabukusu nao husema "khuluma" kwa maana ya kuuma kwa meno na kuuma kwa maumivu. Wabantu wa kale waliyaona maumivu kama kitu chenye meno. Mwaka 1975 Ronald Melzack wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alitunga hojaji ya maumivu yenye maneno 78 yaliyogawanywa katika makundi 20, ili mgonjwa achague neno linalofanana na anachokihisi. Yeye na Patrick Wall ndio waliokuwa wameeleza mwaka 1965 kwamba habari za maumivu hupita kama katika lango kwenye uti wa mgongo, na kwamba lango hilo laweza kufunguliwa zaidi au kufungwa na mambo mengine, hofu ikiwa mojawapo.

Lakini mtoto wa miaka minne hana maneno 78. Atafanyaje? Jibu moja lilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1980, tena katika kitengo cha majeraha ya moto cha hospitali moja mjini Tulsa, Marekani. Donna Wong, aliyekuwa muuguzi, na Connie Baker, aliyekuwa akiwashughulikia watoto wodini humo, waliona kwamba watoto walioungua walishindwa kuyaeleza maumivu yao kwa tarakimu. Basi wakawapa karatasi na kalamu, wakawaomba wachore nyuso, kuanzia yenye furaha hadi yenye huzuni. Kutokana na michoro hiyo zikapatikana nyuso sita zilizopangwa kwa safu, ambazo leo zimebandikwa katika kuta za hospitali nyingi duniani. Mtoto hahitaji kusema. Huonyesha kwa kidole tu. Na kwa yule asiyeweza hata kuonyesha, watafiti wa Michigan walichapisha mwaka 1997 kipimo kinachotazama mambo matano: uso, miguu, mjongeo wa mwili, kilio na namna anavyobembelezeka. Kila jambo hupewa alama kutoka 0 hadi 2, na jumla yake ni 10.

Angalieni, walimu wenzangu, kwamba hii ni kazi ya lugha. Ni ufasiri. Shirika la kimataifa la wataalamu wa maumivu, liliporekebisha fasili yake ya maumivu mwaka 2020, liliweka wazi kwamba usemi ni njia moja tu miongoni mwa njia nyingi za kuyadhihirisha maumivu, na kwamba asiyeweza kusema haina maana kuwa haumwi.

Msidhani kwamba ukiziwi huu ni wa Waafrika peke yao. Hadi miaka ya 1980, katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani, watoto wachanga walikuwa wakipasuliwa wakiwa wamepewa nusukaputi hafifu sana, au bila dawa ya kutuliza maumivu kabisa, kwa imani kwamba neva zao bado hazijakomaa kiasi cha kuhisi, na kwa hofu kwamba dawa ingewadhuru. Mwaka 1987 daktari K.J.S. Anand na wenzake, waliokuwa Oxford, walichapisha uchunguzi wa watoto njiti waliopasuliwa. Waliopewa dawa kali ya kutuliza maumivu pamoja na nusukaputi ya kawaida walikuwa na mshtuko mdogo zaidi wa mwili na matatizo machache zaidi baada ya upasuaji kuliko wenzao. Ikadhihirika kwamba mtoto huhisi, na kwamba kutomtuliza ndiko kunakomdhuru.

UJASIRI NA MTOTO MDOGO

Lipo jambo lingine, nalo nitalisema kwa uangalifu kwa sababu linahusu watu wangu. Katika nchi yetu hii, kuanzia Bungoma hadi miteremko ya Elgon, ujasiri mbele ya kisu ni heshima kubwa. Kila mwaka wa shufwa, mwezi wa Agosti, kijana wa Kibukusu huteremshwa mtoni alfajiri, hupakwa tope baridi, kisha hurudi nyumbani kwa baba yake na kusimama wima bila kupepesa jicho mbele ya ngariba. Majirani zetu Wasabaot nao wana taratibu zao zenye maana kama hiyo. Mimi nilisimama hivyo, na sioni haya kulitaja.

Lakini tuitazame mila hiyo kwa haki. Kijana yule ameomba mwenyewe. Amepiga njuga kwa majuma kadhaa akiwaalika jamaa zake. Ameimbiwa, ameonywa, ameandaliwa. Anajua jambo litakuwa mara moja tu, litakwisha kwa muda mfupi, na mwisho wake ni shangwe. Maumivu yake yana maana kwa sababu ameyachagua, na kijiji kizima kinayabeba pamoja naye.

Mtoto wa miaka minne mwenye paja lililobabuka ana lipi kati ya hayo? Hakuomba. Hakuandaliwa. Hajui yatakwisha lini, na baada ya siku moja yanaanza upya. Kumwambia kwamba mwanamume halii ni kumvika nguo ya sherehe ambayo hakualikwa. Mila haikumtaka hivyo. Wazee wenyewe hawakumpeleka mtoto wa miaka minne mbele ya ngariba na kumtaka asimame bila kulia. Sisi ndio tuliolichukua neno la uwanja wa jando na kulihamishia katika chumba cha vidonda, ambako limegeuka kuwa kisingizio.

Na uvumilivu wa kulazimishwa una gharama. Mtoto aliyeumizwa mara ya kwanza huja mara ya pili akiwa na hofu, na hofu huyazidisha maumivu. Mwaka 2001 Glenn Saxe na wenzake huko Boston walichapisha uchunguzi wa watoto 24 waliokuwa wamelazwa kwa majeraha ya moto. Waliona kwamba wale waliopewa mofini nyingi zaidi hospitalini walipungukiwa zaidi na dalili za kiwewe katika miezi sita iliyofuata. Uchunguzi wa watoto 24 ni mdogo, na haufai kubebeshwa zaidi ya uwezo wake. Lakini unaafikiana na nilichokiona kwa mpwa wangu, ambaye kwa majuma mawili hakukubali mama yake amwogeshe, kwa kuwa maji na kitambaa vilikuwa vimekwisha kuwa adui.

MUUGUZI WA PILI

Siku ya tano tulimkuta muuguzi mwingine, mama wa makamo. Chumba kilikuwa kile kile. Rafu zilikuwa zile zile, na foleni haikuwa fupi. Alichofanya nitakieleza hatua kwa hatua, maana katika hatua hizo mna somo kwa wanafunzi wa uuguzi watakaosoma makala haya.

Kwanza alimpima mtoto uzito, akampa parasetamoli ya maji kwa kipimo cha uzito huo, kisha akatuambia tukae nje mpaka dawa ifanye kazi. Alihudumia wengine, na baada ya dakika arobaini hivi akatuita. Pili, alimruhusu mama ampakate mtoto badala ya kumlaza na kumkandamiza. Tatu, aliilowesha bendeji kwa maji safi ya chumvi yaliyo vuguvugu, akangoja mpaka ilipolegea yenyewe. Nne, alimwambia ukweli: "Itauma kidogo. Haitauma kama juzi." Hakumwambia kwamba haitauma, kwa maana mtoto akidanganywa mara moja hataamini tena. Tano, akampa mamlaka. "Hesabu mpaka kumi," akamwambia. "Ukifika kumi, nitasimama."

Mtoto akahesabu kwa Lubukusu, lugha ya nyanya yake, kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa kikiishia sita. Muuguzi, ambaye kwao ni kwingine kabisa, hakuielewa lugha hiyo, basi akawa anahesabu naye kimoyomoyo kwa vidole. Ilipofika kumi, akasimama, mikono juu, kama alivyoahidi. Mtoto akamtazama kwa mshangao. Wakapumzika kidogo, wakaanza tena. Walihesabu kumi mara saba.

Alilia. Sitawadanganya kwamba hakulia. Lakini hakupiga mayowe, hakujikojolea, na katikati ya kumi ya tano aliuliza kama kigari kile kina breki. Shughuli nzima ilichukua muda mfupi kuliko ile ya juzi, kwa kuwa hapakuwa na mieleka. Gharama ya ziada ilikuwa dawa ya shilingi chache na maji ya chumvi.

DAWA ZIPO, MLANGO NDIO MWEMBAMBA

Hata hivyo, nisieleweke kama ninayesema kwamba upole unatosha. Mpwa wangu alikuwa na kidonda kidogo. Mtoto aliyeungua kifua na mgongo hawezi kutulizwa kwa parasetamoli na kuhesabu. Huyo anahitaji mofini, au ketamini, au vyote viwili, mikononi mwa mtu aliyefunzwa. Hapo ndipo suala linapotoka mikononi mwa muuguzi na kuingia mikononi mwa wanaopanga bajeti na wanaotunga kanuni.

Ketamini ni dawa ya nusukaputi iliyojaribiwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1964. Sifa yake kubwa ni kwamba katika vipimo vya kawaida mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe na mapigo ya moyo hayalegei, ndiyo maana imekuwa tegemeo la hospitali za mashambani zisizo na mitambo mingi. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya dawa muhimu tangu mwaka 1985. Mwaka 2015 kulikuwa na pendekezo katika Umoja wa Mataifa la kuiweka chini ya udhibiti mkali wa kimataifa kwa sababu katika nchi nyingine watu huitumia kama kileo. Wataalamu wa afya wa nchi maskini walipinga, wakieleza kwamba wapasuaji wao wangebaki mikono mitupu, na pendekezo hilo likaahirishwa.

Mofini hadithi yake ni ya kusikitisha zaidi. Ni dawa ya zamani, haina mwenye hataza, na ikichanganywa na maji humezwa kama dawa ya kikohozi. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya ulitambua mambo mawili kwa pamoja: kwamba dawa hizi ni za lazima kwa kupunguza maumivu, na kwamba zidhibitiwe zisitumiwe vibaya. Nchi nyingi zililikumbuka jambo la pili na kulisahau la kwanza. Kenya ilitunga sheria yake ya kudhibiti dawa za kulevya mwaka 1994. Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu watoto wa Kenya wanaoumwa bila kutulizwa, ikionyesha kwamba hospitali nyingi za umma hazikuwa na mofini na kwamba wahudumu wengi hawakuwa wamefunzwa kuitumia. Tume iliyoundwa na jarida la Lancet ilipotoa taarifa yake mwaka 2017, ilikadiria kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizokuwa zikigawanywa duniani kwa mwaka, ni tani 0.1 tu iliyofika katika nchi zenye mapato ya chini.

Je, haiwezekani kufanya vinginevyo? Yawezekana, na mfano hauko mbali. Kutoka Endebess mtu akishika njia ya Suam atafika mpaka wa Uganda. Huko Uganda, daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mwaka 1993, na mofini ya maji ikaanza kutengenezwa kwa bei nafuu sana. Mwaka 2004 sheria ya nchi hiyo ilibadilishwa ili wauguzi na matabibu waliofunzwa maalumu waruhusiwe kuiandikia wagonjwa, kwa kuwa vijijini daktari ni nadra. Kazi hiyo ilianza kwa wagonjwa wa saratani, lakini mtoto aliyeungua anastahili dawa hiyo hiyo.

Wapo watakaoniambia: mofini itamzoesha mtoto kulevya, itamzimisha pumzi. Hofu hizi si za kudharauliwa, ila zina majibu. Kipimo kinachokadiriwa kwa uzito, kinachotolewa kwa muda maalumu kwa ajili ya maumivu ya kweli, chini ya uangalizi, hakimgeuzi mtoto kuwa mlevi. Na pumzi huangaliwa, na dawa ya kuibatilisha mofini ipo, ambayo yafaa iwe karibu kila mofini inapotolewa. Hatari ya kweli iko kwingine: kwa mzazi anayeamua kumpa mtoto vidonge vya watu wazima nyumbani. Hilo lisifanywe kamwe. Kodeini, kwa mfano, ambayo zamani ilihesabiwa kuwa salama, iliondolewa katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa watoto mwaka 2012, kwa sababu miili ya watoto huipokea kwa namna isiyotabirika.

TUFANYE NINI?

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Kifungu cha 53 kinamkinga mtoto dhidi ya kutendewa kinyama. Sidai kwamba muuguzi anayevuta shashi kavu anavunja Katiba. Nadai kwamba kaunti inayomwacha afanye kazi hiyo bila mofini, bila ketamini, bila kipimo cha maumivu ukutani na bila mwenzake wa kumsaidia, ina swali la kujibu. Wawakilishi wa wadi wanapopitisha bajeti ya afya, raia na waulize: dawa za kutuliza maumivu ya watoto zimetengewa kiasi gani?

Wanafunzi wa uuguzi na utabibu, ninyi nawaomba jambo moja. Mnapoandika katika faili joto la mwili, mapigo ya moyo na pumzi, andikeni na alama ya maumivu. Jambo lisiloandikwa halina mtetezi. Muuguzi wa zamu inayofuata akisoma kwamba juzi mtoto alifika alama ya 9, hataanza na bendeji kavu.

Walimu wa shule za msingi, kwenu ninyi yako mawili. La kwanza, wafundisheni watoto na wazazi kwamba aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika ishirini, kisha afunikwe kitambaa safi na kupelekwa hospitalini. Asipakwe dawa ya meno, wala unga, wala yai, wala udongo. Vitu hivyo havitibu, na kila kilichopakwa nyumbani ndicho kitakachosuguliwa hospitalini. Dada yangu hatasahau kwamba nusu ya mateso ya siku ile ya kwanza yalikuwa ya kuondoa dawa ya meno. La pili, wapeni watoto maneno. Katika somo la Kiswahili tunawafundisha majina ya viungo vya mwili. Tuwafundishe pia kuwanga, kupwita, kuwasha na kuchonyota. Mtoto mwenye neno ana wakili.

Nanyi wazazi, mkiwa pale chumbani, ulizeni. Ulizeni kwa upole, lakini ulizeni: "Daktari, mtoto amepewa dawa ya maumivu? Tungoje kwa muda gani kabla hujaanza?" Maswali haya mawili hayagharimu kitu.

Mpwa wangu amepona. Amebaki na kovu pajani, laini, lenye umbo la jani. Mwezi uliopita nilipokwenda Endebess nilimkuta uani akimchezea dada yake mdogo udaktari, amemfunga kitambaa mkononi. Alikuwa akikifungua polepole. "Hesabu," akamwambia, "ukifika kumi nitasimama." Mdogo wake hajui kuhesabu bado, akawa anarudia moja, moja, moja. Naye akangoja.